Picha Isiyo na Kichwa

Kasulu, Jumatatu 14 Oktoba 2024

Leo sikukuu, ofisi zote zimefungwa, lakini studio yangu haijui sikukuu. Mvua bado. Mawingu yanatoka upande wa Buhigwe, yanatuchungulia, yanaenda zao.

Mteja amekuwa mmoja tu, Mwalimu Saady wa chuo cha ualimu, kijana wa Lindi aliyepangiwa kazi huku mwaka jana na mpaka leo anavaa sweta saa sita mchana. Alitaka picha za pasipoti. Nikamkalisha kwenye stuli, nikamwambia anyanyue kidevu. Hakunyanyua. Macho yake yalikuwa ukutani nyuma yangu, kwenye picha ya bendi ya Ruchugi Jazz ya mwaka 1988, ile ya mikono.

"Mama Aline, hii nani kapiga?"

"Kapiga huyu unayemwona."

"Wewe?"

"Kwani kamera inauma wanawake?"

Akacheka, akaomba radhi, kisha akauliza swali ambalo nimeulizwa tangu picha hiyo ilipotoka kwenye maji ya dawa: kichwa cha mpiga gitaa kiko wapi? Nikamjibu kama ninavyowajibu wote. Kichwa cha Fidele siku ile hakikuwa na kazi. Kazi yote ilikuwa vidoleni, nami nikapiga palipokuwa na kazi.

Nikamfungulia kabati la chumba cha giza. Miaka ile nilipokuwa nakwenda na kamera kwenye dansi, kwenye kwaya na kwenye ngoma za kambi ya wakimbizi Kibondo, watu walinunua zile zenye sura zao wakajiendea. Zile nilizopiga kwa ajili ya muziki wenyewe, mdomo wa mwimbaji, goti la mpiga tumba, vumbi chini ya miguu ya wachezaji, hakuna aliyezitaka. Nikatunza negativu zake zote. Sikuzitunza kwa huruma. Nilijua ni nzuri.

Ninachokitaka nakiandika hapa mwanzoni, nisije baadaye nikajifanya sikukitaka. Nataka watu wasimame mbele ya picha hizi na wajue aliyezipiga ni Rosa Niyomwungere. Mtu wa Kasulu akikuonyesha picha niliyompiga mimi husema "picha yangu". Sijawahi kusikia hata mara moja mtu akisema "picha ya Rosa".

Jumatano 16 Oktoba

Mvua bado. Fotokopi na pasipoti.

Jumapili 20 Oktoba

Saady karudi baada ya ibada, na mpango tayari kichwani. Anataka maonyesho. Kuna rafiki yake anaitwa Hilali, ana jumba la picha Dar es Salaam, ameshatumiwa ile ya mikono kwa simu na kusema atakuja kuona kwa macho yake. Akiridhika, maonyesho yatapelekwa Dar.

"Na asiporidhika?" nikamuuliza.

"Ataridhika, mama, inshallah."

Huyu kijana ana maneno mengi kuliko redio. Nilimsikiliza huku nikipanga karatasi za fotokopi. Lakini alipotaja ukumbi niliacha karatasi. Kaenda kuomba ule ukumbi wa zamani wa dansi pale nyuma ya soko, ambao siku hizi ni ghala la maharage. Mwenye ghala kakubali kutuachia Desemba, kabla maharage mapya hayajaingia. Ruchugi Jazz walipiga pale kila Jumamosi. Nilikuwa nasimama kwenye kona ya kushoto, kamera kifuani, nasubiri sebene ianze, maana gitaa likianza kusema peke yake hakuna mtu anayekumbuka kuna kamera.

Nimekubali. Nilijifanya nafikiri kidogo, kwa heshima yangu.

Alhamisi 24 Oktoba

Nimemkuta Fidele sokoni na miche yake ya parachichi. Mzee huyu maringo hayamwishi. Kasimama na koti lake refu, mikono mifukoni, mteja anajichagulia mche, anaunyanyua mwenyewe, anaufunga mwenyewe. Fidele kazi yake kuzungumza.

"Fidele, mwakeye."

"Mwakeye, Rosa. Umeniletea kichwa changu?"

Miaka yote hii, salamu ndiyo hiyo. Mwaka 1988 aliagiza picha ya kumpelekea mchumba wake Buhigwe. Alipoona ni mikono mitupu aliiacha palepale juu ya meza, akatoka. Sasa nikamwambia habari ya maonyesho, na kwamba picha yake ndiyo itakayokaa mbele.

"Picha yangu? Hiyo ni ya mtu aliyechinjwa."

"Dar wameipenda."

"Dar hawanijui. Siku utakayonirudishia kichwa, sha, nitakuja hata kwa miguu."

Watu wa pale sokoni wakacheka, naye akacheka nao, mikono haijatoka mifukoni. Nimerudi nyumbani nimekasirika. Mtu mzima, wajukuu anao, bado ananuna kwa ajili ya sura.

Jumamosi 2 Novemba

Imenyesha! Imenyesha kama iliyokuwa imefungiwa mahali. Watu wameshukuru, mimi nimekimbilia chumba cha giza na ndoo. Bati linavuja juu ya kabati. Kasha moja la kwaya limelowa. Nimetandaza negativu moja moja kwenye kanga kitandani, nikakaa nazo siku nzima nikizipepea kwa jalada la daftari. Zimepona zote isipokuwa harusi moja, na ndoa yenyewe nayo ilishavunjika.

Kibondo, Jumamosi 9 Novemba

Nimekuja kwa binti yangu Aline, muuguzi. Nusu ya kazi yangu iko hapa. Negativu zote za ngoma za kambini nilimwachia kwenye debe la biskuti alipoolewa, wakati ule natengeneza studio. Njiani nilikuwa na wasiwasi mkubwa. Aline ni mtu wa kusafisha. Mwaka juzi aliniambia nichome makasha yote niweke steshenari, na nilipomkumbusha debe langu alisema, "Ah, mama, litakuwa limekwenda na takataka." Sikumuuliza tena. Niliogopa jibu.

Leo nimeuliza. Aline akanitazama, akaenda jiko la nje, akapanda kwenye kigoda. Debe liko juu ya uchaga, kule tunakokausha mbegu za mahindi, pembeni, mbali kidogo na moto. Limefungwa kwa mfuko na kamba, jeusi kwa moshi. Ndani, negativu ni kavu kabisa.

"Ulisema ulitupa!"

"Nilikuwa nimekukasirikia siku ile. Ulikuwa umekuja kuniuliza debe kabla hujaniuliza mtoto anaendeleaje."

Nikashika debe. "Na hapo juu uliliweka lini?"

"Tangu mwanzo. Mama, kitu unachotaka kiote tena unakiweka wapi?"

Nimemkumbatia na debe lake. Tumeinua negativu kwenye mwanga wa mlango: mzee Ininahazwe, mpiga ngoma, yumo, amebeba ngoma kichwani, karuka juu, miguu yote miwili haigusi ardhi ya kambi. Aline alimtambua kwa ule mruko. Alikuwa mtoto mdogo wakati huo, nimembeba mgongoni, kamera mbele.

Kasulu, Jumatano 13 Novemba

Mvua. Saady kapeleka negativu Kigoma zikasafishwe. Amezishika kama yai, hilo nimelipenda.

Jumamosi 23 Novemba

Picha zimerudi. Kubwa, upana wa trei ya chai, weusi wake mweusi kweli. Nimezipanga kwenye sakafu ya studio nikafunga mlango, nikakaa chini peke yangu. Nimeona kazi yangu kwa mara ya kwanza katika ukubwa niliokuwa naiona kichwani. Nililia kidogo, kisha nikacheka, maana nilikuwa nimesahau kwamba mpiga tumba alikuwa anapiga peku.

Ni nzuri. Nilikuwa sahihi miaka yote.

Jumapili 1 Desemba

Mvua asubuhi, jua mchana. Saady kaja na vikaratasi vigumu vyeupe, vimekatwa sawasawa, ameviandika kwa mkono wake wa ualimu. Kila kimoja: mahali, mwaka, na chini yake "Picha ya Rosa Niyomwungere".

Nimekisoma kimoja, nikakirudia.

"Nimekosea jina?" akauliza.

"Hujakosea."

Nilikuwa nimesema huyu kijana ni redio. Leo nimempikia mboga ya lenga lenga na ugali wa muhogo, akala akamaliza. Ameniambia mama yake kule Lindi anapiga ngoma kwenye harusi na hakuna aliyewahi kumpiga picha. Ndiyo maana siku ile hakunyanyua kidevu.

Jumamosi 7 Desemba

Balaa. Fremu tulizoagiza kwa seremala zimepinda. Mbao zilikuwa mbichi, mvua hii haikuzipa nafasi ya kukauka, sasa ziko kama miguu ya mbuzi. Saady kashika kichwa. Hilali anakuja Jumamosi ijayo.

Nimemwambia atulie. Tutafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, tubane picha kwa vibanio vya nguo, kama nilivyofanya mbele ya studio siku zote. Kila picha na kikaratasi chake pembeni, kwenye kibanio chake chenyewe. Saady anasema huko mjini nako siku hizi ndiyo mtindo. Huku ndiyo mtindo tangu zamani, nikamwambia.

Jumamosi 14 Desemba

Niandike polepole, maana mpaka sasa sijui nicheke au nikamshitaki mtu.

Hilali kapiga simu asubuhi: ndege imeshindwa kutua Kigoma kwa mawingu, atafika kesho. Sisi tukafungua. Nilivaa kitenge changu cha Krismasi kabla ya Krismasi. Mvua ilikuwa imekatika, watu wametoka sokoni na vikapu, wengine wamerudi likizo kutoka mbali. Ukumbi ukajaa. Picha zimening'inia kwenye kamba, ya mikono ya Fidele iko mbele mlangoni.

Mwanzoni walitembea kimya, Saady akiwaeleza. Halafu mwanamke mmoja nyuma kabisa akapiga kelele.

"Yemwe! Hilo goti ni la data!"

Ni Veronica, fundi cherehani. Baba yake ndiye aliyekuwa anapiga tumba peku. Sikujua mtu anaweza kutambua goti baada ya miaka hii yote, lakini alilishika lile goti kwenye picha, akasema, "Kovu hili lilikuwa la jembe, nilikuwepo," akaanza kulia na kupiga vigelegele kwa wakati mmoja. Kina mama wakamwitikia. Pale kwenye picha ya kwaya, wawili waliokuwamo humo wenyewe wakaanza wimbo uleule, sauti ya kwanza na ya pili, na ya tatu ikajibu kutoka dirishani kwa mtu aliyekuwa anapita njia. Kijana mmoja alisimama mbele ya Ininahazwe aliyeruka, akawaambia wenzake, "Babu huyo! Mwamba kapaa!" Nilisimama kwenye kona yangu ya kushoto, palepale pa zamani. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi hivi.

Nikaenda nje kumpokea mwenye ghala, tukaongea kidogo kuhusu maharage yake. Niliporudi Saady alikuwa katikati ya ukumbi, mdomo wazi.

"Mama, wanachukua."

"Wanachukua nini?"

"Picha!"

Veronica alikuwa mlangoni na baba yake kwapani, amefungwa kwenye kanga asilowe. "Asante, Mama Aline," akaniambia. "Umetutunzia vizuri." Nyuma yake wa kwaya, nyuma yao yule kijana na babu yake. Wanatoa kibanio taratibu, wanakirudisha kwenye kamba, wanashukuru, wanatoka. Hakuna aliyejificha.

Hapo nikaelewa. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha. Tangu nifungue studio, picha ikiwa kwenye kamba na kibanio maana yake ni moja: imekauka, njoo uichukue. Kasulu nzima inajua. Saady alisema maonyesho, na wao wakaona picha zao zimesafishwa hatimaye.

Ningeweza kupiga kelele. Saady alitaka kufunga mlango. Nikamshika mkono. Huyo anayetoka na goti la baba yake, nimwambie nini? Arudishe?

Jua likielekea kuzama ukumbi ulikuwa mtupu. Kamba, vibanio, na vikaratasi vyeupe vimejipanga, Picha ya Rosa Niyomwungere, Picha ya Rosa Niyomwungere, Picha ya Rosa Niyomwungere, bila picha. Vikaratasi hakuna aliyevitaka. Hilo limeniuma kuliko yote. Jina langu limebaki pale linaning'inia kama soksi.

Picha moja tu imebaki, ile ya mikono. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anatoka mwisho kama hakujua ni ya nani.

"Nani hajui mikono ya Fidele?" akanijibu. "Hiyo tumemwachia mwenyewe."

Jumapili 15 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Saady alikuja kabla ya ibada, hakulala. Anataka tuwaombe wachungaji na mapadri watangaze kanisani: kila aliyechukua picha airudishe mpaka mgeni aone.

"Hapana," nikamwambia.

"Mama, Hilali ametoka Dar kuja kuona ukuta mtupu. Nafasi hii haitarudi."

"Saady, mimi sitamwomba mtu anirudishie baba yake. Mgeni aje. Mimi nitasema naye."

Niliyasema kwa sauti ya mwenye nyumba. Moyoni mambo yalikuwa mengine, nayaandika hapa kwa sababu hapa hakuna mtu. Niliona miaka yangu yote imekuja hadi mlangoni na mimi nikaitundika kwa kibanio.

Hilali kafika mchana kwa bodaboda, matope hadi magotini. Mtu mnene, mpole, haongei sana. Akasimama mlangoni mwa ukumbi. Akatazama kamba. Akasoma kikaratasi kimoja, akasoma cha pili.

"Mama shikamoo. Picha ziko wapi?"

"Marahaba, baba. Umechelewa. Zimeenda nyumbani."

Saady akaanza kueleza, ajali, desturi, vibanio. Nikamkatiza, nikamwambia mgeni anifuate. Nyumba ya Veronica iko hatua chache tu, upande wa pili wa soko. Tukamkuta na watoto wake, na goti la baba lishatundikwa juu ya makochi yenye vitambaa vya kufuma, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi. Nilimwambia huyu ni mgeni wa Dar. Veronica hakungoja kuulizwa. Akatueleza lile jembe, lile kovu, siku baba alipokataa viatu kwa sababu alisema mguu lazima usikie sakafu. Akapiga tumba ya baba yake kwenye mkono wa kochi, mtoto wake mdogo akacheza. Hilali akakaa, akapewa chai, akasahau kuinywa.

"Na hii picha kapiga nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Hii?" Veronica akaitazama. "Hii ni picha yetu."

Hilali akanitupia jicho mara moja.

Tuliporudi ukumbini mvua ilikuwa imepungua na ndani kulikuwa na mtu. Fidele. Kasimama mbele ya mikono, koti lake refu linadondosha maji.

"Mlango ulikuwa wazi," akasema.

"Umekuja kwa miguu?"

"Nimekuja kwa miguu. Sokoni wote wana picha zao. Kila mtu ananiuliza, Fidele, yako mbona bado iko kwenye kamba? Mpaka mchungaji kaniuliza." Akaisogelea kamba. "Nimekuja kuichukua picha yangu."

Akatoa mikono mifukoni.

Sikuwa nimeiona mikono hiyo kwa miaka. Vidole vimepinda kuelekea kiganja, viungo vimevimba, kile cha shahada hakinyooki kabisa. Aliinua mkono hadi kwenye kibanio, akajaribu kukibana. Kibanio cha nguo tu. Kilimshinda. Akajaribu tena, na mimi nikaelewa yale mambo yote ya sokoni, koti, wateja wanaojifungia miche wenyewe. Miaka yote nimekuwa nikiita maringo.

Saady alipiga hatua kumsaidia. Nikamzuia kwa macho, nikaenda mimi. Nikatoa kibanio kimoja, nikatoa cha pili, nikamwekea picha juu ya mikono yake yote miwili kama unavyompa mtu mtoto.

Aliitazama muda mrefu.

"Hapa nilikuwa naingia sebene," akasema. "Ona kidole hiki. Kilikuwa hakijafika bado, kiko njiani." Akainamia picha. "Nilikuwa najua kupiga, Rosa."

"Ulikuwa unajua."

"Sura yangu ninayo mpaka leo, kila siku naiona kwenye kioo, imezeeka inavyotaka. Hii sikuwa nayo mahali popote."

Nililia, na sikujificha. Hilali alikuwa ametoa simu, akairudisha mfukoni. Akangoja, kisha akasema kwa adabu, "Mzee, picha hiyo ningeomba iwe ya mlangoni Dar. Ningeomba niichukue."

"Hii inaenda nyumbani," Fidele akamjibu. "Kama una shida muulize Rosa. Si anazo zile za kwenye filamu?"

Hilali akanigeukia. "Negativu unazo?"

"Zote."

"Zote?"

"Nyingine zimetunzwa na mbegu za mahindi."

Ndipo akacheka, kicheko kikubwa kilichojaa ghala zima. Akasema maonyesho ameandaa mengi, watu wanakuja, wanafunga mikono nyuma, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Hajawahi kuona watu wakaondoka na ukuta. Zitasafishwa upya Dar, zikae huko kwenye fremu za mbao kavu, na maonyesho yatafunguliwa mwezi wa sita. Na mimi niende, na huyu mzee aende. Saady alikaa chini palepale kwenye sakafu ya maharage akasema alhamdulillahi.

Fidele alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka.

"Na hicho kikaratasi changu, nipe."

"Kipi?"

"Hicho chenye jina lako. Watu wakija nyumbani wakauliza kichwa kiko wapi, wajue wa kumuuliza."

Jumatatu 16 Desemba

Sikupata nafasi ya kunywa chai. Asubuhi Fidele alipita sokoni na kikaratasi chake, akakionyesha kila meza, akiwaambia picha zao hazijakamilika. Sasa wamekuja wote. Veronica alikuwa wa kwanza, mkali kabisa: "Mama Aline, mbona umetupa sisi bila karatasi? Sisi si watu?" Saady amesimama kwenye ngazi anavitoa vikaratasi kwenye kamba, mimi nagawa. Yule kijana wa Ininahazwe cha kwake hakukiona, kikabidi kiandikwe kipya, akakisoma kwa sauti kabla hajakubali kuondoka: Picha ya Rosa Niyomwungere.

Jumatano 25 Desemba

Krismasi. Aline kaja na watoto. Nimemuuliza kwanza habari za watoto.

Jumatano 8 Januari 2025

Mvua. Maharage yameingia ukumbini. Fidele kaja studio, anataka pasipoti.

"Unasafiri? Dar ni mwezi wa sita, na huhitaji pasipoti."

"Wewe piga. Kichwa tu. Mikono usiiguse."

Nikamkalisha kwenye stuli. Kidevu alikinyanyua kabla sijamwambia. Nimempiga vizuri, mikunjo yote imo.

Jumapili 19 Januari

Baada ya ibada nimepita kwa Fidele kumpelekea ujumbe wa Hilali. Mkewe, yule yule mchumba wa Buhigwe, akanikaribisha sebuleni.

Ile picha ya mikono na gitaa iko ukutani, kwenye fremu iliyonyooka. Chini, kikaratasi chenye jina langu, kimebandikwa kwa gundi. Na juu ya fremu, pale ambapo mwaka 1988 niliishia, kapigilia msumari mdogo, kaweka ile pasipoti. Kichwa cha mzee juu ya vidole vya kijana, kidogo mno kwa mikono ile, kinanitazama bila kucheka.

"Unaonaje?" Fidele akaniuliza kutoka kitini.

Nikarudi nyuma hatua moja, nikafumba jicho moja kama ninavyofanya kazini.

"Kiko upande kidogo," nikamwambia. "Lete kiti nikinyooshe."